Fomu Moja ya Februari

Kwa heshima na taadhima, Idara ya Miezi ilitangaza kwamba kuanzia Ijumaa saa sita mchana, Februari imefutwa. Mwezi huo ni mfupi, hauna msimamo kuhusu siku zake, na unashusha wastani wa taifa. Kila kilichotokea ndani yake kitahesabiwa hakikutokea.

Karani mpya, kijana aliyetoka chuoni akiamini kuwa serikali ni mtu mwema asiyesikia vizuri, alipewa kazi ya kuandika wasifu wa mwezi huo marehemu. Aliandika kwamba jina lake lilitokana na ibada ya Warumi ya kujitakasa, kwamba jiwe lake la thamani ni la zambarau, na kwamba mwaka 1712 Waswidi waliupa siku thelathini na jua halikugoma kuchomoza. Sentensi hiyo Mkurugenzi aliikata. Ilimpendelea marehemu.

Ndipo mwanamke ambaye karani hakumjua akaingia bila hodi, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Alikuwa fundi cherehani. Binti yake alizaliwa tarehe ishirini na tisa Februari, na shule ilitaka uthibitisho kabla ya Jumatatu, la sivyo nafasi apewe mwingine.

"Mwanangu, wanasema binti yangu hakuzaliwa," alisema. "Sasa asubuhi nimemsuka nani?"

Karani akafungua droo. Ilikuwamo Fomu ya Msamaha, inayomruhusu mtu mmoja kubaki na Februari yake. Ilikuwa moja tu. Mkurugenzi alikataza kuchapa nyingine kwa kuwa waombaji hawatakuwapo.

"Lete kadi ya kliniki Ijumaa, mama. Fomu hii ni ya binti yako."

Ijumaa asubuhi karani alipeleka orodha ya barua zinazobatilika. Mkurugenzi, aliyeagiza orodha isimwonee mtu haya, alianza kuisoma akitabasamu, akakomea mstari wa kwanza. Barua ya kumteua yeye ilikuwa ya Februari kumi na nne. Mstari wa pili ulikuwa wa karani mwenyewe. Tangazo lingeweza kutenguliwa na kikao cha mwaka, nacho kikao hukaa Februari.

Mkurugenzi akafunga mlango taratibu. Akaeleza kwamba ili taifa lisiyumbe, ile fomu ijazwe jina lake.

"Nikibaki mimi, na wewe nitakubakisha."

Karani alimkumbuka mama yake, aliyekwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba mwanawe ni mtu wa ofisi.

"Samahani, mzee. Nimeshaiahidi."

Dakika tano kabla ya saa sita fundi alifika dirishani akihema, kadi mkononi. Karani akaandika jina la mtoto kwa herufi kubwa, akagonga muhuri, akaupulizia wino ukauke. Nyuma yake mlinzi alikuwa amepanda na ile orodha, akiisoma kwa kidole.

"Mzee," mlinzi alimwambia Mkurugenzi kwa adabu saa sita ilipogonga, "wasiohusika hawakai humu."

Mkurugenzi akauliza malalamiko hupelekwa wapi. Mlinzi akamwonyesha foleni, na mwisho wake ulipo.

Fundi aliikunja fomu mara mbili, akaitia kifuani. Karani akachukua kikombe chake cha chai na kutoka, mtu ambaye hakuwahi kuajiriwa, akamshikia fundi mlango.