Sukari Nyekundu Yenye Chuma

Jumatatu, 1 Machi 1954. Mushaki.
Nimerudi kutoka Sake na gunia zima la sukari nyekundu. Rahisi mno. Njia nzima nilijisifu. Viateur, mwenye duka linalotazamana na langu, aliniuliza kwa upole kama najua keshokutwa ni Jumatano ya Majivu. Nilikuwa nimesahau. Siku arobaini za Kwaresima, Mushaki nzima haitagusa kitu kitamu. Yeye amejaza samaki wakavu, wasiokatazwa. Mtu mbaya.

Jumatano, 3 Machi.
Nimepakwa majivu. Nje ya kanisa nilimkuta Léonard, munganga anayetibu wagonjwa pale dispensaire. Nikamuuliza sukari nyekundu ina tofauti gani na nyeupe. Akasema nyekundu haikusafishwa sana, imebaki na maji meusi ya muwa, na humo mna chuma, chokaa inayojenga mifupa na madini mengine. Akaendelea kueleza jambo juu ya kiasi. Sikungoja. Chuma! Basi si utamu tena, ni dawa. Na padri hakukataza dawa.

Alhamisi, 4 Machi.
Nimepigilia ubao mlangoni: SUKARI YENYE CHUMA. INAONGEZA DAMU. Hata saa sita haijafika, mama wanane wamenunua, wote na nyuso za toba. Viateur anawaambia wateja kwamba hata musumari iko na chuma. Wivu.

Mdogo wangu Vestine, aliyejifungua wiki mbili zilizopita, alipita akilalamika kizunguzungu. Nimempa kilo mbili bure. Nikamwambia aache maharagwe, ni mazito kwa mzazi. Anywe maji ya sukari asubuhi, mchana na jioni. Alinishukuru sana. Nikajiona munganga kamili.

Jumatatu, 8 Machi.
Vestine amezimia kando ya kisima. Mama mkwe wake, Mukandori, ndiye aliyemkuta. Wamembeba kwa machela hadi dispensaire, mimi nyuma yao nakimbia na kiatu kimoja. Léonard alimfunua kope. Ndani kweupe kabisa, bila damu. Akauliza anakula nini.

Vestine akajibu kwa sauti ndogo, "Sukari ya kaka. Njo hiyo tu, hakuna ingine."

Wote wakanigeukia. Léonard hakupaza sauti.

"Papa Polycarpe, chuma iko ndani, lakini kidogo sana. Sahani moja ya maharagwe inashinda vikombe viwili vya sukari yako. Na wewe ulimukataza maharagwe."

Léonard amempa vidonge vya chuma, na ameagiza maharagwe, mboga za lengalenga na maini. Mukandori hakunitazama hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 11 Machi.
Siku ya tatu napika maharagwe mwenyewe na kuyapeleka. Ya kwanza yaliungua. Ya jana hayakuiva. Leo nimemkuta Vestine ameketi, ananyonyesha. Amekula sahani yote, kisha akatema kijiwe mkononi. Akasema labda ile njo chuma yenyewe. Akacheka. Nilitoka nje, nikajifanya natazama mawingu, mpaka macho yakakauka.

Nimeshusha ubao. Viateur alivuka barabara akanisaidia kung'oa misumari. Nimeapa mbele ya msalaba: sitampa tena mtu yeyote sukari kwa jina la dawa.

Jumamosi, 13 Machi.
Mvua iliingia dukani. Gunia limelowa. Nikaliburuta nje likauke kidogo. Niliporudi, ng'ombe wa Mukandori alikuwa amelilamba hadi limetoboka. Sikudai hata senti, kwa kuwa bado nina deni la aibu kwa mama yule.

Jioni Mukandori amenisemesha kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Alisema, kwa kupita tu, kwamba ng'ombe yule leo ametoa maziwa vizuri. Akaongeza kuwa ni majani mapya ya mvua, bila shaka.

Nilikuwa sisikilizi tena.

Nimesoma upya kiapo changu, mstari kwa mstari. Kinasema: mtu yeyote. Ng'ombe hawakutajwa popote. Nimeshatuma ujumbe Sake: magunia matatu mengine.