Mlembe Alivyotuongoza Hadi Nyuma ya Nyumba Yangu

Jamani, leo nimetahayari mpaka masikio yanawaka.

Mnajua mimi ndiye ninayeweka kumbukumbu za ndege katika hifadhi yetu hapa kando ya Tana. Sikusomea. Nimejifundisha kwa darubini ya mtumba na subira. Leo walikuja wataalamu wawili kuamua kama kumbukumbu zangu zikubaliwe au zitupwe. Walitilia shaka jambo moja: kwamba mlembe, ndege anayeongoza watu kwenye asali, bado anafanya kazi hiyo huku kwetu.

Asubuhi, kabla hawajafika, mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Iftin, aliniambia kuna nyuki chooni. Nikamjibu kwa upole: "Hao ni nzi, mama. Mimi wadudu nawajua." (Sentensi hiyo muishike.)

Wageni wakafika. Nikapiga mluzi wa wazee, ule mrefu wa kumwita. Kimya. Nikarudia. Mlembe huyo! Akalia, akarukia mti wa mbele, akatungoja. Wageni midomo wazi. Mimi nikatembea kama gavana.

Tukamfuata ndani ya vichaka vya mathenge, macho juu, simu yangu ikirekodi. Miiba ikanichania kikoi. Sikujali. Mwishowe ndege akatua juu ya ukuta wa mabati, akanyamaza. Akinyamaza, basi asali ipo hapo hapo.

"Mabwana," nikatangaza, huku nikigonga bati kwa fimbo, "asali imo humu ndani!"

"Asali gani?" sauti ikajibu. "Mimi ndio niko ndani!"

Ya Rabi. Mama mkwe! (Kwetu hata kumtazama usoni ni taabu, sembuse kumgongea choo mbele ya wageni.)

Akatoka, birika mkononi, shungi limekaa sawasawa. Akasema Kiswahili makusudi, wageni wasipitwe: "Warya, wewe bwana! Hii ndio ile nzi yako?"

Juu ya kichwa chake nyuki walikuwa wakiingia na kutoka kwenye bomba la hewa la choo.

Mtaalamu mkubwa alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Alipopata pumzi akasema, "Mzee, tumekubali kumbukumbu zako zote. Na hiyo sauti uliyorekodi tunaitaka, usikate kitu."

Kwa hiyo nimepita, na mama mkwe yumo kwenye rekodi. Nichekeni mimi, ni haki yenu. Mlembe msimguse: leo ni yeye na mama mkwe tu waliowajua nyuki.