Dakika Hamsini Angani

Jumatatu, 3 Juni
Mpwa wangu kapiga simu. Mama yake, dada yetu aliyetulea mimi na mdogo wangu, anapasuliwa macho Alhamisi asubuhi. Daktari hakuficha: huenda asione tena. Anataka atuone kwanza. Tiketi ya ndege imepatikana moja, mwingine apande basi. Tupatane wenyewe, kasema. Tupatane! Tangu lini?

Mdogo wangu namwita Kibofu. Hamalizi kikombe cha chai bila kutoka nje mara mbili. Basi hapo hapo nitamshikia.

Jumanne, 4 Juni
Nimempeleka Kibofu kwa fundi cherehani, mwenye ramani ukutani. Nikaazima uzi. Toka uwanja wetu wa ndege hadi wa kule kwa Dada, vidole vinne tu. Fundi akaropoka kwamba angani ni dakika hamsini. Nikamkanyaga mguu. Nikamweleza Kibofu kuwa ndege hairuki mlima, huuzunguka. Uzi nikauzungusha mpaka baharini ukarudi. Masaa tisa! Na choo ni cha rubani peke yake.

Kibofu akatoka nje, akarudi. Akasema, Kaka, wewe ndiye mkubwa, panda wewe. Nikakataa. Mara moja tu, asije akaniamini.

Basi lake limeondoka jioni. Usiku kucha na kesho mchana kutwa barabarani, maskini. Nimempungia mkono kwa huruma zote.

Jumatano, 5 Juni
Ole wangu.

Ndege ilikuwa saa kumi alasiri. Nikapitia kwa kinyozi, Dada anione nimetakata. Wateja wakataka kusikia habari za angani. Nikawapa. Nimefika uwanjani saa kumi kasoro dakika tano, kama mtu anayewahi basi. Mlango umefungwa! Binti wa tiketi kanipa shikamoo, kisha kanipa habari: abiria hufika saa nzima kabla. Nikamuuliza, safari ya dakika hamsini naingojaje saa nzima? Akacheka. Kanibadilishia ya kesho mchana.

Nimeitazama kwenye uzio ikipaa. Ndogo kama panzi. Kiti changu kitupu ndani.

Alhamisi, 6 Juni
Chai niliyopewa haijapoa, tukatua. Ni dakika hamsini kweli. Nilitamani ziwe masaa tisa, nisifike.

Dada kafungwa bandeji macho yote. Kibofu yuko ubavuni pake, miguu imemvimba kwa basi. Jana Dada alimtazama mpaka taa za wodi zikazimwa. Mpwa kanivuta pembeni. Kasema asubuhi mama aliwaomba manesi wangoje, mkubwa yuko njiani, ni dakika hamsini tu. Wakangoja kidogo. Kisha wakamsukuma ndani.

Dada alinipapasa uso. Mashavu laini, kasema, kumbe ulikuwa kwa kinyozi, mshenzi wewe. Akacheka peke yake.

Kibofu akaniuliza kama yale masaa tisa yalinichosha. Nikamwambia yalikuwa marefu. Hilo sikudanganya.

Jumapili, 9 Juni
Kesho saa mbili asubuhi bandeji zinafunguliwa. Akijaliwa kuona, ataanza na aliye mbele yake. Nimemwambia Kibofu ni saa kumi jioni. Alale, miguu ipone.

Mpwa kaninong'oneza niende mapema, foleni ya wageni langoni huanza alfajiri. Foleni! Hospitali iko ng'ambo ya barabara, naiona hapa dirishani. Dakika tatu, hata nikisimama kukohoa. Nitatoka saa mbili kasoro dakika tatu.