Wahispania Wananitaka

Jumatano, 8 Julai

Mkutano wa timu asubuhi. Signora Wilma, mwenye timu yetu ya mbio za pikipiki na mwenye kiwanda cha mashine za aiskrimu, ametangaza jambo zito. Mwakani tunapanda daraja, tunaingia mashindano ya dunia! Nikapiga makofi. Akaongeza kwamba tutapanda na dereva mmoja tu. Nikaacha kupiga makofi.

Madereva tupo wawili. Mimi, Nevio Casalboni, miaka thelathini na mmoja, uzoefu tele, goti moja la chuma. Na Maicol Sberlati, miaka kumi na tisa, majivuno mengi, helmeti ya rangi ya waridi inayoonekana hata ukifumba macho. Nani ataachwa? Signora atasema Jumapili, mbio zikiisha, mezani, baada ya tambi. Na Jumapili tunakimbia hapa hapa nyumbani, mbele ya watu wote wanaonijua!

Signora akaendelea na maelezo fulani kuhusu pikipiki ya akiba na mwoka mikate. Sikusikiliza. Nilikuwa nawaza. Mtu akiwaza maisha yake hana nafasi ya mikate.

Nikiachwa, najua kinachonisubiri. Mjomba Learco ana eneo lake ufukweni, namba 62, miavuli na vitanda vya kuotea jua. Kila mwaka ananiambia mpwa wangu, acha kuhangaika na moshi, njoo ufungue miavuli. Asubuhi kufungua, jioni kufunga, katikati kutafuta ndoo za watoto wa Kijerumani. Mimi! Mtu niliyewahi kumaliza wa pili kwenye mvua, mwaka ule wenzangu walipoteleza karibu wote.

Wakati wa kutoka Maicol alinipigapiga begani. Babu, akasema, usisahau mafuta ya jua. Nilimjibu kwa ukali mkubwa. Yaani nilimjibu baadaye, nikiwa garini peke yangu.

Mpango ulikuja wenyewe nikiwa nakula piadina, chapati yetu ya hapa. Signora haoni thamani yangu kwa sababu hakuna mwingine anayenitaka. Basi apatikane anayenitaka! Nimemfuata Gualtiero, mwandishi wa gazeti la michezo, ambaye ukimpa siri inafika mjini kabla yako. Nimempa siri. Wahispania wananitaka. Akauliza timu gani. Nikakohoa. Akauliza tena. Nikakohoa zaidi. Aliandika yote mawili.

Alhamisi, 9 Julai

Imeshika moto! Mlinzi wa getini amenitakia safari njema. Urbano, fundi wangu mkuu, mtu asiyependa maneno, ameniuliza kama ni kweli. Nikatabasamu tu, kama mwenye siri. Akasema kama jino linauma nimwone daktari.

Kabla ya chakula cha mchana Signora aliniita. Nilikuwa nimeshajipanga. Kwanza nitakataa kuzungumza. Halafu nitaonyesha huzuni kidogo usoni. Halafu atanibembeleza, nami nitakubali kwa shingo upande.

Akanikumbatia! Akasema Nevio mwanangu, nimepumua. Usingizi ulikuwa hauji, nawaza nitakuambiaje. Nenda Hispania ukafanikiwe.

Nami nikasema asante.

Kwa nini nilisema asante?

Nimekaa juu ya tairi nyuma ya gereji mpaka nikapata alama matakoni. Sielewi. Alitakiwa kuona wivu. Na hilo alilokuwa hajui ataniambiaje lilikuwa nini? Kwamba nimeachwa? Au kwamba nimechaguliwa? Habari njema hazimnyimi mtu usingizi. Lakini mimi hunyimwa. Basi huenda nilikuwa nimeshachaguliwa, kisha nikajitoa mwenyewe kwa kukohoa! Mama yangu!

Kuukana uvumi siwezi, nitaitwa mwongo. Dawa ni moja tu. Nimshinde Maicol Jumapili, mchana kweupe, Signora ajute na kunirudia kwa magoti.

Ijumaa, 10 Julai

Mjomba Learco ameleta helmeti yangu mpya. Hapa kwetu anayekimbia nyumbani hupakiwa rangi helmeti nyingine kabisa, ya siku hizo tu, watu waione na kuizungumzia mwaka mzima. Mjomba alijitolea kunipakia rangi. Niliomba tai mwenye makucha.

Nimepewa mwavuli. Milia ya buluu na nyeupe, umefunguka juu ya utosi wangu. Pembeni pameandikwa UFUKWE WA LEARCO, NAMBA 62, KIVULI CHA UHAKIKA. Nikauliza tai yuko wapi. Mjomba akasema tai hakodi kitanda ufukweni.

Mashabiki wangu wamekuja naye, kundi zima kutoka baa ya pale kilimani, wamepiga kelele za furaha. Wote ni wateja wake. Maicol alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza kama kitanda nacho kinakuja, au babu atalala chini tu. Helmeti yake yeye ameifunika kwa taulo, hataki ionekane. Aifunike! Mimi inanihusu nini.

Mazoezi yalikwenda vibaya. Urbano kasema pikipiki iko sawa, kilicholegea kiko juu ya kiti. Kiti nimekikagua, hakijalegea.

Jumamosi, 11 Julai

Siku ya kupanga nafasi za kuanzia. Nilikuwa na mpango safi, wa kitaalamu. Ukijibanza nyuma ya mwenye kasi, upepo anaoupasua unakuvuta, nawe unapata muda mzuri bila jasho. Ni aibu kidogo, lakini wote tunafanya. Nikaamua nitamnata Maicol kama kupe.

Nikasubiri kwenye mlango wa kutokea, injini inanguruma. Ikapita helmeti ya waridi. Pikipiki yetu, suti yetu, rangi zetu. Nikamfuata!

Alikuwa anakwenda polepole ajabu. Nikajua mara moja: mjanja huyu, anataka nipite ili yeye ndiye avutwe. Kwangu hapiti! Akipunguza, napunguza. Akajisogeza pembeni, nami nikajisogeza pembeni. Akanipungia mkono nipite. Nikampungia apite yeye, ingawa tayari alikuwa mbele. Kwenye kona ya mwisho alisimama wima akasalimia jukwaa, na mwanamke mmoja akamrushia busu. Nikasema moyoni, leo dogo kapatwa na nini?

Kuna mtu mwenye pweza kichwani alitupita mara kadhaa kwa kasi ya kutisha. Nikajiuliza ni mgeni gani huyu, mbona simjui.

Matokeo. Wa kwanza, Maicol Sberlati. Nikafikiri mashine imeharibika. Wa pili kutoka mwisho, Ermes Balducci, mwoka mikate. Wa mwisho, mimi.

Kumbe! Signora amemkopesha Ermes pikipiki ya akiba kwa mbio hizi tu, kwa kuwa ndiye anayetuletea mikate na tangu utotoni hii ndiyo ndoto yake. Alitueleza Jumatano. Maicol naye akampa helmeti yake ya waridi, kwa sababu mwenyewe ana mpya. Ya pweza! Kila mtu akikimbia nyumbani hubadili helmeti. Hilo nalijua tangu nazaliwa. Mimi mwenyewe nilikuwa na mwavuli kichwani!

Ermes amenijia machozi yakimtoka. Akanishika mikono miwili akasema hajaona ubinadamu wa namna hii, dereva mkubwa kuacha muda wake upotee ili amlinde mgeni mgongoni asigongwe. Mkewe naye akanibusu mashavu yote. Ndiye yule wa jukwaani. Wameniacha na keki ya duara yenye sukari juu. Nilitaka kuikataa kwa hasira. Nimeila yote.

Urbano hakunigombeza. Alisema tu kesho nifanye jambo moja. Nitazame ubao. Ni ule ubao anaoushika akiwa kwenye ukuta wa pembeni mwa njia kila tunapopita, unaosema uko wa ngapi na ufanye nini. Kasema aliloandika nilifuate, hata nisipolielewa. Hasa nisipolielewa.

Jumapili, 12 Julai

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Mvua ilinyesha dakika chache kabla ya kuanza. Nilitaka kuibusu lami! Mimi na mvua ni ndugu. Vijana walianza kuteleza huku na huku, nami nikawa napita tu, taratibu, kama naenda sokoni. Wa kumi na tano. Wa tisa. Wa nne. Watu wa baa wakawa wanapunga miavuli ya kweli jukwaani, ya Mjomba, milia ya buluu na nyeupe. Nililia kidogo ndani ya helmeti, nakiri.

Ikafika mahali mbele yangu yupo mmoja tu. Pweza!

Nikatazama ubao. Wa pili. Chini yake: TULIA.

Nitulie? Nina maisha yangu hapa! Mzunguko uliofuata: TULIA, herufi kubwa zaidi. Ndipo nikaelewa. Wameshampanga Maicol ashinde, na Urbano wangu, Urbano wa miaka yote, wamemnunua! Mzunguko wa mwisho ubao uliandikwa TULIA NEVIO, na Urbano alikuwa amepanda ukutani anaruka nao kama anafukuza nyuki. Damu ikanichemka. Kona ya mwisho nikaingia kwa ndani.

Ndani hapakuwa na nafasi. Nikailazimisha.

Tulikwenda kwenye kokoto wote wawili, pweza na mwavuli, tunabingirika pamoja. Kitumbua kikaingia mchanga mbele ya ukoo wangu wote. Maicol akainuka, bega linaning'inia, akaiinua pikipiki yake akaisukuma kwa miguu mpaka kwenye mstari, anachechemea, na jukwaa zima likasimama kumpigia makofi. Nami nikasukuma yangu. Watu walipiga kelele sana, nikajua wananishangilia. Walikuwa wananiambia naelekea siko.

Gerejini palikuwa na bwana mfupi mwenye kofia ya majani, amekaa kwenye kiti changu. Señor Urdaneta. Mhispania! Mhispania wa kweli, wa timu ya dunia! Aliisoma habari ya Gualtiero. Akawaza, kama Wahispania wenzake wanamtaka huyu Casalboni, lazima kuna kitu ambacho yeye hajakiona, akaendesha gari kutoka kwao aje awahi. Asubuhi alimwambia Urbano kwamba anatafuta mtu mzima, aliyetulia, anayerudisha pikipiki nyumbani ikiwa nzima. Nafasi ya pili ingemtosha kabisa. Mkataba ulikuwa mfukoni mwa koti lake, na jina langu juu.

Nikamuuliza Urbano kwa nini hakuniambia. Akasema kwa sababu nikiambiwa jambo zuri huwa naanguka kwenye kona ya kwanza. Alitaka nifike walau ya mwisho. Kisha akageuka, akaanza kutoa kokoto ndani ya injini, na sikupenda namna mabega yake yalivyokuwa.

Señor Urdaneta alinipa mkono, wa kushoto. Akasema amefanya kazi hii miaka mingi na hajaona kitu kama kile. Nikamshukuru. Akauliza yule kijana aliyesukuma pikipiki anaitwa nani.

Maicol anakwenda Hispania. Alikuja kuniaga bega limefungwa, nikajiandaa kwa matusi. Hakutukana. Akasema pole, babu. Hilo liliniuma kuliko goti.

Lakini ngoja! Maicol akiondoka, kwa Signora kuna nafasi! Nikamkimbilia kwa mguu mmoja. Alikuwa mezani, tambi zimepoa. Akazitazama pikipiki zake mbili zilizokunjika, akanitazama mimi, akanishika shavu. Nevio mwanangu, akasema, usiwacheleweshe Wahispania wako.

Alikuwa anatania? Bado anaamini? Uso wake haukucheka. Nimejiuliza njia nzima, na Mjomba aliyekuwa akiendesha gari kasema nikijiuliza tena atanishusha.

Jumamosi, 18 Julai

Ufukweni. Jua kali. Nafungua miavuli kwa mkono mmoja, na mwavuli haupendi mkono mmoja. Watoto wa Kijerumani wameniita Bwana Pweza, ingawa mimi nilikuwa mwavuli, sijui nani kawafundisha. Ermes hupita kila asubuhi na mkate wa moto, bado ananishukuru, nami bado naupokea.

Nimetulia. Nimekubali. Mambo ya ujanja nimeyaacha.

Ila kuna jambo la safu ya mbele. Wenye fedha hukaa mbele, karibu na maji, na anayewahudumia ndiye mkubwa wa ufukwe. Mjomba anasema mwakani safu hiyo atampa mmoja kati yetu wawili. Mimi, au Denis, kijana wa miaka kumi na tisa anayefunga mwavuli kwa kidole. Kumi na tisa! Kila mahali nakutana na kumi na tisa!

Mjomba haoni thamani yangu. Na kwa nini aione, kama hakuna mwingine anayenitaka? Leo mchana nimemnong'oneza muuza kahawa kwamba watu wa namba 63 wananitaka. Akauliza nafasi gani. Nikakohoa.

Jioni, jioni hii hii, Mjomba amenifuata kwenye ghala la miavuli, uso umemng'aa. Akanikumbatia, bega langu likalia. Mpwa wangu, akasema, nimepumua. Akachukua ufunguo wa ghala mkononi mwangu.

Nami nikasema asante.

Sielewi kabisa. Namba 62 hawanithamini, namba 63 hawanijui. Kosa langu nimeliona lakini. Sitii chumvi ya kutosha! Namba 63 ni karibu mno, nani ataona wivu kwa jirani? Ilitakiwa iwe hoteli kubwa, ya mbali, ya kigeni. Kesho nampitia Gualtiero.