Aliyeigonga Dunia

Jumamosi mchana, uani kwa Sera, nyuma ya stendi ya mabasi ya Labasa, mji wetu wa kisiwani. Beseni la yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, limejaa, kifuu kinazunguka, kuku wa Sera wanadonoa chini ya benchi, na Redio ameshaanza. Kwa ubatizo ni Ilaitia, ila tunamwita Redio kwa sababu hazimiki.

"Wamesema kwenye taarifa ya habari, mwezi ulitoka duniani. Dunia ikiwa bado changa, ikaja sayari nyingine, haijaalikwa, ikaigonga. Vipande vikaruka juu, vikashikana. Ndiyo mwezi."

"Acha kamba," nikasema. "Mwezi ulichomoka kwenye bahari yetu hii. Babu alisema shimo lake ndilo tunalovulia jodari."

"Babu yako alisema pia mbuzi wake anajua Kiingereza."

Mbuzi yule alikuwa anaelewa kidogo.

Spana hakucheka. Taniela Spana, fundi wa mabasi, kwa kawaida ndiye anayetuvunja mbavu, lakini leo alilikodolea macho beseni kama limemkosea. Sote tulijua kinachomsibu. Mwanawe Eroni kampa mimba Litiana wa ng'ambo ya mto, na Jumatatu anapanda ndege kwenda Nyuzilandi kuchuma matufaha. Kwa mila zetu, baba wa kijana huenda na jino la nyangumi, zawadi ya heshima, kuomba radhi kabla hajaitwa. Spana alikuwa anangoja aitwe. Akiitwa ndiyo aibu yenyewe, na ya ukoo mzima.

Na Sera, anayetukorogea yaqona, ni shangazi yake Litiana. Watu wa ng'ambo ni watani zetu, wana ruhusa ya kututukana hata msibani. Leo Sera hakumtukana mtu, na hilo ndilo lililotutisha.

"Redio," akasema, "huyo aliyegonga aliomba radhi?"

"Sayari, dada. Sayari haiombi radhi."

"Nauliza tu. Enhe, dunia ikawaje?"

"Iliyeyuka. Mwezi nao ulizaliwa moto mtupu, uji wa mawe. Ukapoa, ukaota ganda. Baadaye sana uji mwingine ukatoka ndani ukajaza mabonde. Ndiyo yale madoa meusi."

"Maskini, mtoto na makovu yote yale." Akamjazia Spana kifuu hadi ukingoni. "Na baba yake yuko wapi? Kaenda kuchuma matufaha?"

Spana akapiga kofi moja, akanywa, akarudisha kifuu. Makofi matatu yanayopigwa baada ya kunywa akayasahau. Sijawahi kumwona akiyasahau.

"Na mawe waliyoyaleta kutoka huko," Redio akaendelea, maana redio haimwoni msikilizaji, "yamefanana na ya huku kama ndugu wa tumbo moja. Hapo huwezi kukana."

"Nani anakana?" Spana akasema polepole. "Labda aliyegonga bado mdogo, kaogopa. Labda na babake kaogopa. Hajui atasema nini mbele za watu."

Nilimwonea huruma, nikajifanya natafuta kiatu.

"Redio," Spana akauliza, "baada ya kugonga, alikimbia?"

"Hapana. Wataalamu wengine wanasema alizama humohumo. Mabaki yake yamo ndani ya dunia mpaka leo."

"Kwa hiyo alibaki ukweni."

"Ukipenda kusema hivyo."

Spana akasimama, akajifuta mikono ambayo haikuwa na grisi. "Sera, nifungie mizizi ya yaqona. Ya kupeleka, si ya kunywa. Jino la nyangumi ninalo, limo kwenye sanduku la spana tangu juzi. Na Jumatatu Eroni hapandi ndege."

Sera akavuta furushi kutoka chini ya meza. Lilikuwa limeshafungwa vizuri, hadi utepe.

"Nenda kwa kaka yangu sasa hivi. Keti chini pale mlangoni, usijitetee. Atanuna, halafu atapokea."

Spana akaondoka, furushi kifuani. Redio akakuna kichwa. "Kuna kitu hawakueleza lakini. Kwa nini mwezi unaivuta bahari kila siku na dunia haisemi kitu?"

"Hilo nalo la kuuliza redio?" Sera akasema. "Mwezi ni mpwa. Kwa mila, mtoto wa binti yenu akija kwa wajomba anachukua anachotaka, na hakuna wa kumkataza."

Akainama, akamnyanyua jogoo wake mkubwa, akampakata na kumlaza manyoya.

"Mtoto wa Eroni ataanza na huyu."