Ombi la Kumhamisha Mwenyekiti kwa Sababu ya Treni

Ofisi ya Chama cha Wakulima wa Kahawa,
Kanoni, Karagwe.
Jumatatu asubuhi.

Kwako Mzee Kashaija, Mwenyekiti wetu,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimesimama, kwa kuwa si adabu kukulalamikia nimekaa.

Lalamiko langu linahusu treni ile ndogo tuliyoachiwa na wageni wanunuzi kutoka Ujerumani, ambayo wewe mwenyewe uliagiza izunguke juu ya meza ya vikao ikiwagawia wajumbe kahawa ya kutafuna. Mkubwa huanza kupewa, kwa hiyo reli ilielekezwa kwako kwanza. Mimi nilikabidhiwa kitufe, nikibonyeze bila kuachia mpaka kahawa ikufikie.

Vikao vitatu mfululizo treni imezimika shubiri moja kabla ya kiti chako. Mara ya mwisho Mzee Nolasco alisema, "Mwenyekiti, kituo chako kimefutwa," na Mama Komujuni akacheka mpaka akashika mbavu. Wewe hukucheka. Ulinitazama ukasema, "Kijana huyu ananinyima kahawa mbele ya watu. Ijumaa tutaona kama anathibitishwa kazini."

Mzee, sikunyimi. Ni waya. Naomba kujieleza:

1. Waya mwekundu unaotoa umeme kwenye magurudumu kuupeleka kwenye mota ni mwembamba kama unywele. Ukilegea, treni inakufa. Nimeukaza kwa tepu, nikaubana kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara niliyoiokota barabarani (mimi sivuti, Mzee), na fundi redio, Dada Evaresta, akaulehemu mara mbili. Bado.

2. Nimechunguza kinachoulegeza, na kwa heshima zote ni ngumi yako. Kila ukitamka "Ndugu wajumbe" unapiga meza. Kikao kilichopita ulipiga mara kumi na tisa. Idadi imo kwenye muhtasari. Naomba upunguze, au upige paja.

3. Paja likiuma, hotuba zako ziletwe kwa maandishi. Nitazisoma mimi, kwa sauti ndogo.

4. Treni haijawahi kuzimika mbele ya mtu mwingine yeyote. Nikiisukuma kwa kidole ikakupita, kisha nikabonyeza tena, inakwenda vizuri hadi kwa Mzee Nolasco, na ikifika kwa Mama Komujuni inapiga hata honi. Kwa hiyo tatizo liko mahali ulipo. Naomba uhamie kiti cha dirishani.

5. Nimelifikiria tena hilo la dirishani. Ukihamia pale, pale patakuwa ndipo mahali ulipo, na treni itazimikia pale. Ingefaa zaidi uongoze kikao kwa simu ukiwa nyumbani kwako Rugu. Kahawa yako nitakuletea kwa bodaboda, nikukabidhi kwa mikono miwili kama zamani kabla ya treni.

6. Mtandao wa Rugu ukisumbua, katiba ya chama inamruhusu Mwenyekiti kupumzika. Sisemi ujiuzulu, Mzee. Waya ndio unaosema. Fomu tupu niliyoambatisha ni kwa matumizi yoyote utakayopenda.

Pamoja na hayo, naomba Ijumaa unithibitishe. Mama yangu kule Mabira ameshawatangazia washarika wote kanisani kwamba mwanawe ameajiriwa moja kwa moja, na wamemwimbia. Sijui watu walioimba huombwaje wauchukue wimbo wao.

Msalimie Mama Anatolia, wajukuu wote, na ng'ombe yule aliyekuwa akiumwa kwato. Wa hapa ofisini ni wazima, isipokuwa mimi.

Wako mtiifu anayetetemeka,
Novath Adelard
Karani (kwa majaribio)

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Dada Evaresta amepita akaifungua treni. Anasema waya umeshika kiasi cha kuvutia trekta. Tukaizungusha raundi kumi na moja, haikusimama hata mara moja. Ndipo akachukua kofia yako uliyoisahau kwenye msumari, akaiweka juu ya kiti chako, akasema, "Haya, bonyeza." Treni ikakimbia mpaka shubiri moja kabla ya kofia, ikazimika. Dada Evaresta wala hakuitazama treni. Alitazama kidole changu, ambacho kilikuwa kimeachia kitufe na kusimama hewani peke yake. "Mdogo wangu," akasema, "unaogopa hata kofia?"

Ningeichana barua hii, lakini nimeshaigonga muhuri na kuiingiza kwenye rejista ya barua zinazotoka, na rejista haifutwi. Kwa hiyo naomba uisome na kupuuza namba 1 hadi 6, uirudishe ile fomu ikiwa tupu, na uendelee kupiga meza kwa afya njema. Kofia nimeipangusa vumbi na kuirudisha msumarini.

Ombi langu jipya ni moja tu: Ijumaa, treni ikikukaribia, naomba utazame dirishani.