Kundi la Kioo na Kundi la Kiti

Kwa furaha kubwa, Idara ilitangaza kwamba woga kazini umepigwa marufuku kuanzia saa mbili asubuhi. Mwenye swali aliombwa akae kimya.

Mtaalamu wa saikolojia akaletwa kulinganisha mbinu mbili za kuwajengea watumishi ujasiri wa kusema wanachotaka. Kundi la kwanza lilitamka "hapana" mbele ya kioo cha maliwato, taratibu, huku likipumua. Kundi la pili lilikifokea kiti kitupu cha bosi. Kiti kilivumilia kiume, mpaka mguu mmoja ukalegea na fundi akaitwa.

Karani wa masjala aliangukia kundi la kioo, ingawa roho yake haikuwa kwenye kioo. Binti yake alikuwa amejifungua, na kila alipomwomba Mkurugenzi ruhusa ya Jumamosi akampakate mjukuu, alijibiwa kuwa suala lake linashughulikiwa. "Asante, bosi," alikuwa akisema, kisha akijilaani koridoni. Hiyo asante ndiyo iliyomuuma zaidi.

Siku ya tathmini alikuja Katibu Mkuu mwenyewe. Mkurugenzi, suti imenyooka, akasimama kuonyesha matunda ya mradi, akamgeukia karani.

"Mama, Jumamosi utakuja kazini kupanga mafaili."

Karani akakikumbuka kioo. Akavuta pumzi.

"Hapana, bosi. Jumamosi naenda kumwona mjukuu wangu."

Kundi la kiti likashangilia na kugonga meza. Mkurugenzi akapiga makofi kuliko wote.

"Umeona, mheshimiwa? Bila shaka hili ni jaribio tu, atakuja..."

"Siji, bosi. Tiketi nimeshakata."

Katibu Mkuu alicheka mpaka akavua miwani.

"Safi sana! Basi mwache mama wa watu aende. Mafaili utayapanga wewe, Mkurugenzi."

"Nitayapanga, mheshimiwa."

"Na Jumapili umalizie."

"Nitamalizia, mheshimiwa."

"Lakini si Jumapili ndiyo unamwoza binti yako? Kadi uliniletea juzi."

"Wataanza bila mimi, mheshimiwa. Ni watu waelewa."

Mtaalamu, kalamu mkononi, akamwinamia karani na kumnong'oneza, macho kwa Mkurugenzi.

"Samahani, mama. Yule alikuwa kundi la kioo, au la kiti?"

"Yule?" Karani alikuwa ameshatundika mkoba begani, uso umechangamka. "Yule ndiye mwenye mradi."